Bi Futi na Paka wa Saa Kumi na Mbili

Basi lilimshusha kituo cha mwisho, likageuza, likamwachia vumbi lake. Bi Futi akasimama na kikapu mkononi, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Miaka hamsini na nane ameishi katika mji huu na hajawahi kufika upande huu. Na angefuata nini? Kila mji una kona yake ya vitu ambavyo watu hawataki kuviona wakifungua madirisha asubuhi: machinjio, uwanja wa magari yaliyokufa na, mbele kidogo, nyumba ya wanyama wasio na wenyewe. Aliyeiona kona hiyo katika mji mmoja ameiona katika miji yote. Lakini Bi Futi hakuwa mtu wa safari. Dunia yake ilianzia kwenye cherehani ikaishia kwenye meza ya kukatia nguo, na katikati palikuwa na hatua nne. Alikwisha kuzipima.

Jina lenyewe lilitokana na futikamba iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, hata sokoni, hata msibani. Wateja walisema ukimsalimia anaitika huku anakukagua mabega.

Hakuuliza njia. Alifuata kelele za mbwa mpaka kwenye geti la mabati, akagonga, na mwanamume aliyevaa mabuti ya mpira ya kufika magotini akamfungulia. Watu wote pale walimwita Mabuti, na yeye mwenyewe aliitika.

"Nataka paka," Bi Futi alisema kabla ya kukaribishwa. "Paka wa panya. Juzi wamenitafunia pindo la gauni la bibi harusi. La mteja! Ijumaa anakuja kulichukua."

"Basi umefika, Mama. Hapa tunao mpaka wa kugawia majirani."

Akampitisha kwenye safu ya vizimba. Walikuwepo paka wa kila rangi, vijana, macho makali, wengine wakirukia nondo kwa uchu wa kazi. Bi Futi aliwatazama kama anavyotazama vitambaa dukani, mpaka kizimba cha mwisho ukutani. Humo alikaa paka dume wa kijivu, mifupa ya kiuno imetokeza, miguu ya nyuma ameilaza chini mpaka visiginoni kama mtu aliyevaa kandambili zilizomzidi.

"Huyo mpite tu," Mabuti alisema. "Tunamwita Mzee. Huyo, panya wakija, wataulizana habari za nyumbani."

Bi Futi hakupita. Mkono wake ulikuwa umeshaivua futikamba shingoni na kuinyoosha kwenye upana wa kizimba. Mkono ule ulipima kila kitu bila kumwomba ruhusa. Mzee akatoa kiganja kati ya nondo, akakiweka juu ya futikamba. Hakukwaruza. Alikandamiza tu, akamtazama.

Bakuli lake la maji lilikuwa tupu. Mabuti akalijaza. Paka akainama akanywa, akanywa, akanywa.

Bi Futi aliujua unywaji ule. Mama yake alikunywa vile miaka sita, mtungi kando ya kitanda, na kila asubuhi na kila jioni alihitaji sindano ya kisukari. Aliyemchoma alikuwa mdogo wake Bi Futi, binti wa mwisho, aliyekuwa hajui hata kushona kifungo. Yeye fundi, mwenye mikono iliyoshika sindano tangu utoto, alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ameshika fremu, akisubiri aambiwe kwamba imekwisha. Miaka sita, wala hakuthubutu hata mara moja.

Kwenye kizimba kulikuwa na kadi. *Miaka kumi na miwili. Kisukari. Sindano mara mbili kwa siku.* Chini yake: *Amechukuliwa. Amerudishwa. Amechukuliwa. Amerudishwa.*

"Ana muda gani hapa?"

"Miezi kumi na mmoja. Wa kwanza alisahau sindano. Wa pili aliogopa."

"Niitie daktari," Bi Futi alisema.

"Na panya, Mama?"

"Panya nitazungumza nao mwenyewe."

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, kalamu imechomekwa kwenye nywele, mwenye uchovu wa mtu aliyekwisha kudanganywa na watu wazuri. Hakufurahi haraka. Alipima sukari ya Mzee kwa tone la damu la sikioni, akaonyesha namba: ishirini na saba, juu mno.

"Sindano inamshusha. Lakini iwe saa ileile kila siku, na asiachiwe hata moja. Ale kwanza, ndipo umchome. Na sikiliza hili zaidi ya yote: ukiwa na shaka kama dawa imeingia, usirudie. Ikizidi inaua. Unangoja saa inayofuata."

"Nimesikia."

"Siku saba ni za majaribio. Jumatatu ijayo, saa kumi na moja na nusu jioni, mlete kabla ya sindano yake. Nikikuta sukari iko kama leo, anabaki hapa. Simtoi mara ya nne. Kila akirudishwa anapungua kilo."

"Sawa."

Daktari alimtazama mikono. "Mkono hautetemeki?"

"Mwanangu, mkono huu umeshona shanga mia tatu kwenye shela moja, na umeme umekatika."

Kwa kuwa Mzee alikwisha kuchomwa asubuhi, daktari akaleta chungwa. Akamwonyesha jinsi ya kuvuta dawa kwenye bomba, kutoa mapovu, kuinua ngozi ya nyuma ya shingo iwe kama hema dogo, kuingiza sindano chini ya hema. Bi Futi akalichoma chungwa mara tano, sawasawa kabisa. Daktari akaridhika, akamsainisha. Mabuti akaandika kwenye kadi kwa mara ya tatu, *Amechukuliwa*, akaacha nafasi chini yake. Hakuacha kwa ubaya. Ni mazoea.

Sindano ya kwanza ilikuwa jioni hiyohiyo. Bi Futi aliweka sahani ya samaki aliyechemshwa juu ya meza ya kukatia, na Mzee alipoinama kula, akainua ngozi, akachoma, akasukuma, akatoa. Paka hakuacha hata kutafuna.

Kisha akampigia simu mdogo wake, aliyekuwa akiishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Nimechoma."

"Umechoma nini, nguo? Pasi nimekwambia uibadilishe."

"Nimemchoma paka. Sindano ya kisukari."

"Wewe? Wewe Dada uliyekuwa unakumbatia mlango?"

"Mimi huyuhuyu."

"Basi paka huyo ana bahati, au ana kosa kubwa."

Ikawa asubuhi saa kumi na mbili, jioni saa kumi na mbili. Alipanga kazi zote kuzunguka saa hizo. Mteja aliyekuja kujaribu suruali saa kumi na moja na dakika hamsini na tano alisimamishwa mlangoni na pini zake kiunoni mpaka Mzee amalize. Paka alilala kwenye kikapu cha vipande vya nguo chini ya meza, na jambo la ajabu, panya hawakuonekana tena. Jirani, fundi viatu wa chumba cha pili, alikuwa na maelezo yake. "Wamesikia harufu ya paka, wamehama. Hawajapata habari kwamba hana meno."

"Ana meno saba," Bi Futi alisema.

"Basi mimi na yeye tuko sawa."

Lakini Mzee hakupata nafuu. Jumanne alimaliza mabakuli matatu ya maji. Jumatano aliloanisha kikapu, kisha zulia, kisha suruali ya mtu. Alhamisi mchana alijaribu kupanda kiti, akashindwa, akabaki ameegemeza kidevu kwenye ukingo wake kama anasubiri kiti kishuke.

"Bi Futi," fundi viatu alisema, amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, "umeleta paka au umeleta bomba la maji?"

Bi Futi akapiga magoti kufuta zulia. Fundi viatu akaona amekosea saa ya utani. Akaingia, akamwinua Mzee, akampakata kwenye aproni yake ya ngozi. Hapo akakunja pua.

"Mbona anatoa harufu ya hospitali?"

"Harufu gani?"

"Hapa, shingoni. Mimi nashinda na gundi kutwa, kama mimi nimesikia harufu basi ipo. Na manyoya yamegandamana."

Bi Futi akainama akanusa. Ilikuwa harufu ya kichupa cha dawa kilichokuwa kwenye friji yake, ileile, imekauka juu ya manyoya. Akasimama. Akachukua bomba, akavuta maji matupu, akakunja kipande cha flaneli mara mbili akakiinua kama hema. Akachoma kama alivyokuwa akichoma siku zote hizi. Maji yakatokea upande wa pili, yakamdondokea kidole gumba.

Akarudia. Yakatokea tena.

"Lo," fundi viatu alisema polepole.

Hakuna mtu mwingine ambaye angekosea vile. Aliyeogopa angechoma nusu. Aliyesahau asingechoma kabisa. Lakini Bi Futi alikuwa amepiga bandi kwa miaka arobaini na miwili, ule mshono mrefu wa kushikiza nguo kabla ya kushonwa, na kwenye bandi mkono unajua jambo moja tu: sindano ikiingia, itokee. Sindano isiyotokea upande wa pili haijafanya kazi. Chungwa halikuwa na upande wa pili wa kumsuta. Paka alikuwa nao, na sindano zote sita zilikuwa zimepita kwenye ngozi yake na kumwaga dawa kwenye manyoya, kwa usafi kabisa, bila hata kumwumiza.

Angeweza kunyamaza. Hilo lilimpitia, na hakulificha nafsini mwake: Jumatatu bado, nani atajua? Akachukua simu akampigia daktari, akasema yote kwa pumzi moja.

Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. "Usimrudishie sasa."

"Sijarudisha. Nangoja kumi na mbili."

"Vizuri. Lakini Mama, mpango wetu ni uleule. Zimebaki sindano nane kabla ya Jumatatu jioni. Sijui kama zitatosha."

"Mimi pia sijui. Tutaonana Jumatatu."

Mdogo wake ndiye aliyepiga baadaye, na alipoambiwa hakucheka. "Dada, nisikilize. Nikipanda basi leo jioni, kesho nakuja kumchoma mimi. Siku tatu tu. Apone, upate saini yako, kisha utajifunza taratibu."

Lilikuwa neno la huruma, na lilimvuta. Bi Futi alimtazama Mzee aliyelala na kidevu chake kwenye kiti.

"Hapana."

"Kichwa chako kigumu! Kwa Mama ulinikubalia."

"Ndiyo maana," Bi Futi alisema.

Upande wa pili wa simu mdogo wake akashusha pumzi. "Haya," alisema kwa sauti nyingine. "Haya, Dada. Nipigie ukimaliza."

Ilikuwa saa tisa. Zilibaki saa tatu. Bi Futi alichoma flaneli mara ishirini, na mara ishirini sindano ikatokea. Alijaribu kwenda polepole, ikatokea polepole. Alijikemea, akajiita majina. Mwishowe akatupa kitambaa, akavuta gauni la bibi harusi, kwa kuwa kesho yake ni Ijumaa, na bibi harusi hajali paka wa mtu. Pindo lililotafunwa alikuwa amelikata na kuweka jipya. Lilibaki kupindwa kwa mkono, mshono ule usioonekana nje. Akavaa kastabini, kikofia chake cha chuma cha kidole, akaanza.

Sindano iliingia kwenye kitambaa, ikatambaa katikati ya hariri na bitana, ikashika uzi mmoja, ikarudi. Haikutokea upande wa mbele. Ikitokea, gauni limeharibika. Alishona urefu wa kiganja kizima kabla ya kuacha mkono wake hewani.

"Fundi!" aliita kupitia ukutani. "Fundi, njoo!"

Fundi viatu akaja mbio na nyundo, akidhani ni mwizi.

"Tazama hapa. Inaenda wapi sindano?"

"Inaenda... ndani."

"Inatokea?"

"Haitokei."

"Basi mkono unajua! Ulikuwa unajua siku zote. Mimi ndiye niliyeupa kazi nyingine."

Akaichukua tena flaneli, safari hii akaweka kastabini kwenye kidole cha nyuma ya hema, kama mlinzi. Sindano ikizidi, chuma kingelia. Mara ya kwanza kililia, tik. Mara ya pili, tik. Alilaza sindano zaidi, akaacha kufikiria bandi, akafikiria pindo. Mara ya saba hakikulia. Akageuza kitambaa: kikavu nje, maji ndani. Fundi viatu alikaa juu ya kigoda akihesabu kwa sauti kama mwamuzi wa ngumi, na ilipofika thelathini mfululizo bila chuma kulia, akasimama.

"Mimi nimeshaamini. Bado paka."

Saa kumi na mbili Mzee alipewa samaki. Bi Futi akainua ngozi, kastabini nyuma, sindano ikalala, ikaingia, ikasimama palepale alipoiambia isimame. Akasukuma. Akapitisha kidole kwenye manyoya, akakinusa. Kilinuka samaki tu.

Ijumaa bibi harusi alichukua gauni lake, akageuka mara tatu mbele ya kioo, hakuona mahali panya walipopita. Jumamosi Mzee alimaliza bakuli moja la maji na kuacha la pili nusu. Jumapili alipanda kiti. Alipanda vibaya, kwa mikono miwili na matusi, lakini alipanda, na fundi viatu akaitwa aje kushuhudia.

"Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," fundi viatu alisema kwa heshima.

"Sasa nani kamba hapa, yeye au mimi?"

"Sitaki ugomvi, Bi Futi. Gawaneni."

Jumatatu basi likamshusha tena kituo cha mwisho, na safari hii hakutazama kushoto wala kulia. Mabuti alifungua geti kabla hajagonga. Aliona kikapu, akaona kifuniko kimefungwa kwa utepe wa hariri nyeupe, akasema tu, "Karibu, Mama," akawafuata mpaka chumba cha daktari, ingawa hakuwa na kazi huko.

Daktari akachoma sikio, akaweka tone kwenye kipimo. Wote watatu wakakitazama. Mzee peke yake alitazama dirisha.

"Kumi na sita," daktari alisema. Akaweka kipimo chini. "Imeshuka. Lakini nilitaka iwe chini zaidi. Kumi na sita bado ni juu, Mama. Ingekuwa siku saba kamili za dawa, ningejua la kusema. Hizi ni siku nne. Nitajuaje kwamba kilichoishusha ni mkono wako, na siyo bahati?"

Bi Futi hakulalamika. Hakusema habari za kiti, wala za mabakuli ya maji. Alitazama saa ya ukutani: kumi na mbili kasoro dakika mbili. Akafungua mkoba, akatoa kisahani cha samaki, kichupa kilichofungwa kwenye kitambaa chenye barafu, bomba, na kastabini.

"Usiniulize," alisema. "Tazama."

Mzee akainama kula. Daktari akasogea karibu mpaka kalamu yake ya kichwani ikakaribia kumgusa Bi Futi shavuni. Ngozi ikainuka. Sindano ikalala, ikaingia, ikasimama. Akasukuma, akatoa, akarudi nyuma hatua moja.

Daktari akaweka kidole kwenye manyoya, upande huu, kisha upande wa pili. Akakisugua kwa kidole gumba. Akakinusa.

"Pakavu," alisema.

Daktari akaichomoa kalamu kwenye nywele, nywele zikamwangukia usoni, akasaini zikiwa hivyohivyo. "Baada ya wiki mbili nimwone. Na kile kikofia cha chuma," aliongeza bila kuinua macho, "kinauzwa wapi?"

Mabuti aliwasindikiza mpaka getini. Jua lilikuwa limeshuka juu ya uwanja wa magari, na vioo vilivyovunjika viling'aa. Bi Futi akafunga upya utepe wa kikapu, fundo moja, fundo la pili, akaujaribu kama unavuta.

"Karibu tena, Mama."

"Kwa daktari nitakuja. Kurudisha, sahau."

"Nimesahau."

Akaondoka kwa hatua zake fupi za chumba kidogo, kikapu kwenye mkono mmoja, mkono wa pili ukikitegemeza chini. Kutoka ndani ya kikapu ulisikika mlio mmoja wa kukwaruza, wa kulalamika, na sauti yake ikaujibu, "Nyamaza wewe, umeshakula." Wakapinda kwenye kona ya machinjio.

Mabuti alisimama mpaka aliposikia basi likiwashwa. Kisha akarudi kwenye safu ya vizimba, mpaka cha mwisho. Kadi ilikuwa bado imening'inia, na ile nafasi aliyoiacha chini ya *Amechukuliwa* ilikuwa tupu. Akakata uzi wake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akaleta ndoo na brashi, akapiga magoti, akaanza kuosha kizimba, kwa kuwa kesho yake asubuhi kulikuwa na mwingine anakuja.